Anayecheka Naye Yumo

Haya wajukuu zangu, sogeeni karibu, na wewe wa nyuma zima hiyo simu. Leo Sungura na Fisi wamepumzika. Nina hadithi ya mvulana mmoja na ndala yake. Mvulana nimemtunga mwenyewe, kwa hiyo msiende kumtafuta kwenye daftari la mahudhurio la shule yoyote ya Kibaha wala ya Kisarawe. Ndala sikuitunga. Ndala ile imeshatumiwa na watoto wengi kupigia simu.

Kijana wetu aliteremka Kwa Mathias, kwenye Barabara ya Morogoro, na tranka, ndoo, godoro la futi mbili na nusu lililofungwa kamba, na mjomba aliyekuwa na haraka ya kurudi mjini. Bodaboda mbili zikawafikisha shuleni. Mpaka getini alikuwa na jina alilopewa na bibi yake. Alipovuka geti akawa njuka, kama njuka wenzake wote wa kidato cha kwanza.

Usiku, baada ya prepo, kaka mmoja wa kidato cha tatu akamwita.

"Njuka, mama yako anajua umefika?"

"Hajui, kaka."

"Sasa si umpigie? Vua ndala."

Akavua. Akaambiwa aiweke sikioni, akaiweka, na vumbi la njiani likamwangukia begani. Akatakiwa kutaja namba ya mama, akaitaja yote, tarakimu kwa tarakimu.

"Shikamoo mama. Nimefika salama."

"Ongeza sauti, njuka! Huku Kibaha mtandao unasumbua."

Akaongeza sauti. Bweni zima likaangua kicheko, kuanzia kitanda cha mlangoni mpaka cha mwisho. Na yeye akacheka. Angefanya nini? Kicheko hicho chake kitakuja kutumiwa baadaye kama ushahidi: "Lakini mwalimu, hata mwenyewe alikuwa anacheka."

Kesho yake akapiga tena. Keshokutwa akapandishwa juu ya kitanda aizime taa ya umeme kwa kuipuliza, huku mwenzao mmoja amesimama kwenye swichi. Wiki ya pili michezo ikaisha. Zikabaki nguo za kaka za kufua, foleni ya maji alfajiri kwa ndoo tatu zisizo zake, na sukari iliyokuwa ikipungua ndani ya tranka siku ambazo yeye hakuonja uji.

Najua mnachotaka kusema. "Babu, huo si utani tu?"

Utani mmeukuta nyumbani kwenu. Huku Kisarawe na Kibaha ni kwa Wazaramo na Wakwere, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mnyamwezi anaweza kufika msibani kwa Mzaramo akazuia watu wasizike mpaka apewe chake, na watu wanacheka katikati ya machozi. Lakini siku msiba ukiwa kwa Mnyamwezi, Mzaramo naye anakwenda kufanya yake, na haruhusiwi mtu kununa. Ukinitania, nakutania. Sasa niambieni: njuka wetu angeweza kumwambia yule kaka, "Haya, na wewe vua ndala umpigie mama yako"? Thubutu.

Hapo ndipo wataalamu walipoweka mpaka. Alikuwako msomi mmoja wa saikolojia, Dan Olweus, Mswidi aliyezaliwa 1931 na kufanya kazi miaka mingi Bergen, Norway. Yeye alisema tendo ni uonevu likikusanya mambo matatu: limekusudiwa kuumiza, linarudiwarudiwa, na anayetendewa hana nguvu ya kujitetea mbele ya anayemtenda. Nguvu siyo misuli peke yake. Kidato cha tatu ni nguvu. Utepe wa kiranja ni nguvu. Wingi ni nguvu, na kuwa msimamizi wa kundi la WhatsApp la darasa siku hizi nako ni nguvu. Wasichana wawili wenye ubavu sawa wakivutana nywele bombani, huo ni ugomvi. Wasichana wanane wakikubaliana kutomjibu mwenzao salamu muhula mzima, hakuna aliyeguswa hata unywele, na huo ni uonevu uliokamilika.

Mtaniuliza Mswidi wa Norway anahusika vipi na Kwa Mathias. Anahusika kwa njia ambayo hata wakubwa wengi hawaifikirii. Shirika la Elimu Kibaha mnalijua, na shule yake ya sekondari ya wavulana, na hospitali ya Tumbi mnakotibiwa. Chanzo chake ni makubaliano ya mwaka 1963 kati ya Tanganyika na nchi nne za kaskazini mwa Ulaya: Denmark, Finland, Norway na Sweden. Wakajenga shule, kituo cha afya na kituo cha kufundishia wakulima, na mwaka 1970 wakaikabidhi Tanzania kila kitu. Sasa sikieni. Katika miaka ileile ambayo watu wa nchi zile walikuwa wanajenga mabweni hapa Kibaha, kule kwao walikuwa wanaanza kujiuliza swali lililokuwa halijafanyiwa utafiti sana: kwa nini watoto wanatesana shuleni?

Aliyelianzisha ni daktari, si mwalimu. Mwaka 1969 Peter-Paul Heinemann wa Sweden aliandika kuhusu watoto wengi kumgeukia mmoja. Aliazima wazo lake kwa wachunguzi wa wanyama. Mmewahi kuona kunguru wanavyomzonga mwewe? Hakuna kunguru mwenye ugomvi wake binafsi na mwewe yule. Mmoja anapiga kelele, wa pili anafuata, mara anga lote ni kunguru. Heinemann alisema watoto nao ndivyo walivyo: kundi linachemka, linammwagikia mtu, kisha linapoa.

Olweus akasema hapana. Aliwachunguza wavulana wa Stockholm, na mwaka 1973 akatoa kitabu. Hoja yake ilikuwa kwamba ukisema "ni kundi" umewaficha wachache. Darasani kuna kijana mmoja au wawili wanaoanzisha, ni walewale mwaka huu na mwaka ujao, na kuna mmoja au wawili wanaoonewa, nao ni walewale. Si hasira ya mchana mmoja inayopita.

Kisha akapima jambo ambalo kila mtoto anadhani analijua. Watoto husema fulani anaonewa kwa sababu ya miwani yake, au unene, au namna anavyoongea. Olweus alipowalinganisha wavulana walioonewa na wasioonewa, alikuta dosari za namna hiyo zimejaa kwa wote. Wenye miwani wasioguswa na mtu walikuwa wengi. Tofauti ya mwili aliyoiona ilikuwa moja: walioonewa walikuwa dhaifu kidogo kuliko wenzao, na pia wapole, waoga wa ugomvi. Mwonevu hutafuta kwanza asiyeweza kurudisha, halafu ndipo anatafuta sababu ya kumpachika. Miwani ikikosekana atasema masikio. Kwa hiyo wewe unayejitazama kwenye kioo ukitafuta kosa lako, acha kioo. Kosa halipo hapo.

Mwishoni mwa mwaka 1982, kaskazini mwa Norway, wavulana watatu walijitoa uhai, na ikaonekana chanzo kikubwa ni kuonewa na wenzao. Nawatajia hilo bila kulipamba. Nchi nzima ilishtuka, na mwaka 1983 serikali ikaanzisha kampeni kwenye shule zote. Wanafunzi wapatao 130,000 walijaza fomu bila kuandika majina, na takriban 15 kati ya kila 100 wakaonekana kuwamo, ama kama waonevu ama kama waonewa. Bergen kwenyewe Olweus alifuatilia wanafunzi wapatao 2,500 katika shule 42 zilizotumia mpango wake: kanuni chache zilizo wazi, walimu kuzunguka wakati wa mapumziko, mazungumzo ya darasa zima, na mazungumzo makali na wahusika na wazazi wao. Ndani ya miaka miwili uonevu ulipungua kwa nusu au zaidi.

Na waonevu wenyewe waliishia wapi? Olweus aliwafuata walipokua. Kati ya wavulana waliokuwa wakiwaonea wenzao, karibu 60 katika kila 100 walikuwa wameshatiwa hatiani mahakamani angalau mara moja kabla ya kufika miaka 24. Yule kaka wa kidato cha tatu anayechekesha bweni zima, naye ni mtoto anayehitaji kusimamishwa mapema kwa faida yake.

Turudi bwenini. Ni nani alikuwa sahihi, Heinemann wa kundi au Olweus wa wachache? Mimi nawaona wote wawili walishika pande za kitu kimoja, na aliyeunganisha ni mwanamke kutoka nchi ya tatu kati ya zile nne zilizojenga Kibaha. Christina Salmivalli wa Chuo Kikuu cha Turku, Finland, mwaka 1996 alitoa utafiti kuhusu watoto 573 wa darasa la sita. Hakuuliza tu nani anaonea na nani anaonewa. Aliuliza: na wengine wote mnafanya nini?

Majibu yake, ukiyaweka katika watoto 100, yalikuwa hivi. Waonevu walikuwa 8. Wasaidizi wao, wale wa kukushika mikono, 7. Washangiliaji, wanaocheka na kuita wenzao waje kuona, 20. Wanaojitenga, wanaogeukia ukutani na kujifanya wamelala, 24. Watetezi 17. Walioonewa 12. Waliobaki hawakuingia kundi lolote.

Sasa pangeni upya lile bweni la ndala. Mnaona kaka wa kidato cha tatu na wasaidizi wake wawili watatu, ndiyo, hao ndio wachache wa Olweus. Lakini bila kicheko cha kuanzia kitanda cha mlangoni mpaka cha mwisho, mchezo ule ungekufa usiku uleule. Nani anamlazimisha mtu kuongea na ndala chumbani ambamo hakuna anayetazama? Wewe uliyecheka hukumvua ndala wala kumgusa, na ukiulizwa na mwalimu wa zamu utaapa hukufanya kitu. Hesabu ya Salmivalli inakuweka ndani.

Kanada walikwenda mbali zaidi, wakawatazama watoto kwa macho. Debra Pepler na Wendy Craig na wenzao waliweka kamera na vinasa sauti kwenye viwanja vya shule za Toronto, wakarekodi uonevu unavyotokea wenyewe. Katika utafiti walioutoa 1999, watoto waliokuwapo walitumia zaidi ya nusu ya muda wao, 54 kati ya 100, wakitazama tu, na kutazama kule kulimpa mwonevu jukwaa. Mwaka 2001 wakatoa jambo lililonifurahisha zaidi. Watoto wenzao waliingilia kati mara 19 tu katika kila matukio 100. Ni mara chache. Lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya hizo mara uonevu ulikoma ndani ya sekunde kumi. Sekunde kumi, wajukuu zangu! Hata kufunga kamba za viatu huwezi.

Finland waliichukua hesabu ya Salmivalli wakatengeneza mpango wa kitaifa unaoitwa KiVa. Waliujaribu kuanzia 2007 katika shule 78, nusu zikiwa nao na nusu bado hazijaupata, na mkazo wake mkubwa ni wale watazamaji. Uonevu ukapungua kwenye shule zilizokuwa nao. Haukuisha. Mtu akikuahidi kuumaliza kabisa, muulize anauza nini.

Msidhani mambo haya ni ya Ulaya. Jirani zetu Kenya, Profesa David Ndetei na wenzake walitoa utafiti mwaka 2007 kuhusu wanafunzi 1,012 wa shule 17 za sekondari za serikali za Nairobi. Kutegemea aina ya uonevu, kuanzia wanafunzi 63 hadi 82 katika kila 100 walisema yamewakuta. Na humo mlikuwa na jambo ambalo kila aliyekaa bweni analijua moyoni: walioonewa ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kuja kuwa waonevu. Njuka wetu anahesabu siku. Mwakani atakuwa kidato cha pili, na njuka wapya watashuka na matranka yao. "Hata sisi tulipitia." Nimelisikia neno hilo kwa watu wazima wenye mvi, wakilisema kwa fahari, kana kwamba waliandikishiwa deni na sharti lilipwe na mtoto mwingine. Hapa kwetu naye Placidius Ndibalema wa Chuo Kikuu cha Dodoma aliwauliza walimu na wanafunzi wa sekondari za Dodoma, akachapisha 2013, kwa hiyo hakuna wa kusema Tanzania jambo hili halijulikani.

Nikae kidogo kwa wakubwa, maana hadithi inayowalaumu watoto peke yao ni hadithi ya uongo. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yakatolewa 2011. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa, na karibu robo tatu walisema walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Takriban nusu walitaja walimu. Mtoto anayeona kila siku kwamba mwenye cheo humaliza hoja kwa fimbo amefundishwa somo ambalo halimo kwenye mtaala, na analifaulu.

Mjue na sheria inasemaje, kwa sababu viranja wengi wanatembea na fimbo wasiyopewa. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinamtaja mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viboko visizidi vinne, tena viandikwe kwenye daftari. Mimi siipendi hata hiyo minne. Lakini someni tena: kiranja hayumo. Kaka mkuu hayumo.

Na walimu wanabadilika wakisaidiwa. Mabula Nkuba na wenzake wa Tanzania na Ujerumani waliwapa walimu wa sekondari zetu za umma mafunzo yasiyofika wiki moja, jinsi ya kumrekebisha mwanafunzi bila kumpiga wala kumtukana, na mwaka 2018 wakaonyesha kuwa wanafunzi wa shule zile walisema ukatili wa walimu umepungua. Uganda, wilaya ya Luwero, shule 42 za msingi zilishiriki jaribio la mpango wa shirika la Raising Voices kati ya 2012 na 2014. Mwishoni, katika shule zisizokuwa na mpango, watoto 49 katika 100 walisema wamefanyiwa ukatili wa mwili na mfanyakazi wa shule ndani ya wiki iliyopita. Katika shule zilizokuwa nao walikuwa 31. Bado 31 ni wengi mno, ila pale wiki moja tu ina tofauti ya watoto 18 katika kila mia.

Halafu kuna konda wa daladala, ambaye hakuna mtafiti ninayemjua aliyemwekea kamera. Simameni kituoni Kwa Mathias asubuhi. Gari linafika, watu wazima wanapanda, wanafunzi wanazuiwa kwa mkono: "Denti wawili tu!" Anayesukumwa kukaa pembeni mwa barabara kwa sababu ya nauli ya mwanafunzi ana umri wa miaka kumi na tatu, na anayemsukuma ana thelathini. Inarudiwa kila siku, imekusudiwa, na nguvu hazilingani. Mambo matatu ya Olweus yametimia, na watazamaji tupo, tumekaa dirishani.

Basi mkitaka kuwa miongoni mwa wale watetezi 17 wa Salmivalli, mtafanyaje? Si lazima ukunje ngumi. Kumkabili kaka wa kidato cha tatu peke yako usiku ni ushujaa wa sinema. Watetezi wengi hufanya mambo madogo: kicheko unakikataa kabisa. Unamwita njuka kwa jina lake: "Fulani, njoo, mwalimu wa zamu anakuita," naye anapata pa kutokea. Unakaa naye kwenye foleni ya chakula. Mnakwenda bombani wawili, kwa sababu mwonevu huchagua aliye peke yake. Unamwambia mtu mzima, patroni au matroni, mwalimu wa malezi, mama. Kumwambia mkubwa kuwa mwenzako anaumizwa siyo umbea. Mbea anataka mtu aadhibiwe, wewe unataka mtu aachwe. Picha ya kumdhalilisha mwenzako ikikufikia kwenye simu, iishie kwako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inakuhesabu na wewe unayetuma ujumbe wa kumtesa mtu. Na mkubwa wa shule akiziba masikio, kuna namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, haina malipo, na kuna Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Lakini kazi ninayowapa wiki hii ni nyingine. Kule Bergen Olweus aliona kwamba shule zilizokuwa na walimu wengi uwanjani wakati wa mapumziko zilikuwa na uonevu mdogo zaidi. Uonevu una anwani. Chukueni karatasi kubwa, mchore ramani ya shule yenu: madarasa, vyoo, bomba, jiko, nyuma ya stoo, njia ya mkato ya kwenda barabarani, kituo cha daladala. Kila mwanafunzi aweke nukta nyekundu mahali anapoogopa kupita peke yake, na pembeni aandike saa. Msiandike jina la mtu yeyote, la mwonevu wala la mwonewa. Nukta zikishajaa, wawili wenu mpelekeeni mwalimu wa malezi kabla hajapanga zamu za muhula, mkamwombe zamu zianzie palipo na nukta nyingi.